Umeambiwa una sisti kwenye shingo ya kizazi, sasa nyumbani ufanye nini?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala, ana miaka 34 na watoto wawili. Nimelifupisha ila maneno ni yake:

"Shikamoo dokta. Nina kama miezi miwili maumivu chini ya kitovu yanakuja yanaondoka, nikaenda kupiga utrasaundi, majibu yameandikwa nabothian cyst 9 mm kwenye shingo ya kizazi. Aliyenipima akasema hiyo sio kitu, nikalipa nikaondoka. Kufika nyumbani nikaanza kusoma mtandaoni nikaishiwa nguvu. Kuna dada kwenye grupu letu la WhatsApp anauza dozi ya kusafisha kizazi 85,000, anasema nikichelewa inageuka kansa na sitazaa tena, na mume wangu anataka tuongeze mtoto. Naomba unisaidie, nifanye nini nyumbani, nile nini, niache nini, na tendo la ndoa niendelee au nisubiri?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hiyo sisti sio kansa, haigeuki kuwa kansa, haikuzuii kushika mimba na mumeo hawezi kuipata kutoka kwako. Hiyo 85,000 usiitume. Sasa tulia nikueleze taratibu, maana kuna kitu kingine kwenye meseji yako kimenishtua kuliko hiyo sisti na nitakifikia huko chini, usiishie katikati.

Shingo ya kizazi ni ile sehemu ya chini kabisa ya mfuko wa uzazi, inatokeza mwisho wa uke kwa juu, ni ngumungumu kama ncha ya pua. Ndani ya njia yake kuna vitezi vingi vidogo vinavyotengeneza ute, ule ule unaouona katikati ya mwezi unavutika na kuteleza. Nje yake imefunikwa na ngozi ngumu zaidi. Sasa pale ngozi hizo mbili zinapokutana huwa hapatulii, kuanzia msichana anapovunja ungo, akibeba mimba, akijifungua, akipata uambukizi ukapona, ile ngozi ya nje inasogea inaifunika ya ndani, na ikipita juu ya mdomo wa kitezi inauziba. Kitezi kinaendelea kutoa ute, ute hauna pa kutokea, unajikusanya pale pale, kinakuwa kifuko. Hiyo ndio sisti yako yote. Ndani mna ute, hamna usaha wala mdudu.

Ukiwa umelala kwenye kitanda cha kupimia, chombo cha kupanulia kikishawekwa na taa ikaelekezwa vizuri, tunaviona kwa macho kabisa: vivimbe vidogo vimeinuka, vyeupe vinavyoelekea njano, vinang'aa, na juu yake vinapita vimishipa vyembamba vya damu vimejitawanya. Kimoja, vitatu, wakati mwingine vimezunguka shingo nzima. Kwa wanawake waliozaa ni kitu tunachokiona sana, tunaandika kwenye faili tunaendelea na mengine. Na hapa nawalaumu wenzangu kwenye fani, kumwambia mtu "sio kitu" halafu ukamwachia karatasi ya Kiingereza mkononi haitoshi, ataenda kutafsiriwa na muuza dawa.

Vingi vina milimita chache tu, chako hakijafika hata sentimita moja. Mara chache sana kinakua mpaka sentimita 4 hivi, hapo mtu anaweza kuhisi kama anakandamizwa au tendo likawa linauma, basi daktari anakitoboa au anakichoma kwa umeme, ni kazi ya muda mfupi. Tunaweza kukitoboa pia kama kimekaa vibaya kinatuzuia kuiona shingo wakati wa kupima. Nje ya hapo hakuna matibabu, na sio kwamba dawa imekosekana, hakuna cha kutibu. Kinaweza kupasuka chenyewe ukaona ute umeongezeka siku hiyo, kinaweza kubaki hivyo hivyo miaka na miaka usijue hata kama kipo.

Halafu hilo la kutozaa. Hivi vifuko vimepewa jina la Martin Naboth, daktari wa Leipzig kule Ujerumani, ambaye mwaka 1707 aliviandika akidhani ni mayai ya mwanamke. Sio mayai. Mayai yako yapo kwenye ovari, juu huko pembeni ya mfuko wa uzazi, kwahiyo anayekwambia sisti ya shingo inakula mayai anachanganya sehemu mbili tofauti kabisa. Usiichanganye pia na sisti ya kwenye ovari, wala faibroidi, wala polipi ya shingo ambayo yenyewe inaning'inia na mara nyingi inatoa damu baada ya tendo. Hivyo vyote vina maelezo yake na vingine vina matibabu yake, lakini kwenye magrupu vyote vinaitwa "uvimbe kwenye kizazi" na vyote vinauziwa dozi moja.

Hizo dozi nazijua, maana wakishazitumia wanakuja kwetu. Kuna vile vifurushi vya kitambaa vyenye majani ndani na uzi, unasokomeza unakaa navyo siku mbili tatu, ukivuta vinatoka na mabonge ya kijivu yenye harufu, unaambiwa si umeona uchafu ulivyokuwa umejaa? Huo uchafu haukuwepo. Ni ute wako umegandana na unga wa dawa, pamoja na ngozi laini ya uke iliyoungua ikabanduka. Wengine uzi unakatika, kifurushi kinabaki ndani, tunakuja kukitoa sisi mtu akiwa tayari na homa. Kuna shabu, kuna ndimu, kitunguu saumu kilichomenywa, mtindi, ugoro, dawa za kuua vijidudu zinazochanganywa na maji, zile sabuni za maji za kike zenye harufu ya maua, kuna kukalia moshi. Hakuna hata kimoja hapo kinachofika kwenye kifuko chako, kwasababu kifuko kipo chini ya ngozi, kimefunikwa, ukimimina kitu juu yake unaiumiza hiyo ngozi tu.

Naomba hapa unielewe vizuri maana ndio moyo wa swali lako la nyumbani nifanye nini. Sisti yenyewe haihitaji matunzo yoyote, inayohitaji matunzo ni shingo na uke, na matunzo makubwa ya uke ni kutouingilia ndani. Una bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, kwa mwanamke wa umri wako ambaye bado anaona siku zake pH, yaani kipimo cha asidi, inakaa kati ya 3.8 na 4.5, na hiyo asidi ndio inayowazuia wabaya wasizaliane. Ukiingiza vidole na sabuni kila ukioga unaiondoa, harufu inaanza, unaona hujasafishika unaosha zaidi, harufu inazidi, unaenda kununua kitu kikali zaidi. Najua wengi wetu hapa mjini tulifundwa tukiwa wasichana kujisafisha mpaka ndani, na waliotufunda walitupenda na walitutakia mema, ila hilo moja jamani tuliache. Michubuko ya ndani inarahisisha VVU na maambukizi mengine kupita.

Osha nje tu, maji yanatosha, kama lazima sabuni basi ya kawaida isiyo na manukato na isipite ndani. Ukijisaidia jifute au jitawaze kuanzia mbele kwenda nyuma. Kwa hili joto letu, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, unatoka Mbagala umebanana kwenye daladala hadi Kariakoo, ukifika umelowa jasho mpaka chini, kwahiyo chupi za pamba, iliyokauka vizuri, ikiwezekana imeanikwa juani na sio kufichwa nyuma ya mlango wa bafuni ikabaki na unyevu. Taiti za nailoni kutwa nzima sio rafiki yako. Pedi badilisha kila baada ya masaa manne hadi sita hata kama haijajaa, na zile pedi nyembamba za kila siku kama huna sababu achana nazo, zinakutunzia unyevu tu. Ukiwa na sisti unaweza kuona ute ulioongezeka kidogo, usioumiza, usiowasha, usio na harufu kali. Huo ni ute, sio ugonjwa.

Na antibayotiki. Nina hakika kuna mtu keshakwambia hiyo ni PID sugu (maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija) au UTI sugu (maambukizi ya njia ya mkojo), nenda duka la dawa kachukue doksi, azuma na flajili upige zote kwa pamoja. Usifanye hivyo. Kwenye kifuko hamna bakteria wa kuua, na hizo dawa ukizila ovyo zinawaondoa wale bakteria wazuri niliokwambia, wiki inayofuata una fangasi unajikuna usiku kucha. Tena ukija kuugua kweli tunakuta zimeshazoeleka. PID ipo na ni ugonjwa wa maana sana, inaweza kuziba mirija, ila inagunduliwa kwa kupimwa na kuguswa tumbo na shingo, haigunduliwi na mtu aliyekaa nyuma ya kaunta.

Sasa lile lililonishtua. Ulienda hospitali kwa maumivu ya miezi miwili, ukarudi na sisti. Sisti ya 9 mm haiumizi tumbo. Yani maumivu yako hayajapata jibu, karatasi imekupa kitu kilichokuwepo tu kikaonekana kwa bahati, na wewe na hofu yako mkahamia kwenye sisti mkayasahau maumivu. Rudi ukapimwe. Mkojo, kipimo cha mimba hata kama una uhakika huna, maana mimba ya nje ya kizazi inaanza na maumivu kama hayo hayo, uguswe tumbo, uangaliwe shingo kwa macho. Muelezee yanakuja lini, kabla ya siku, wakati wa tendo, ukikojoa, ukiwa hujapata choo siku tatu, yote mwambie. Na kama ulikulia sehemu ya mabwawa au mabonde ya mpunga ukawa unaoga na kufua kule, litaje pia hata kama hakukuuliza, kwasababu kichocho cha kwenye mkojo kinaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi, kinaacha madoa yenye chembechembe za njano na shingo inatoa damu ikiguswa, kinaleta maumivu na hata shida ya kushika mimba, na dawa yake ni prazikwanteli, wanawake wengi wanatibiwa magonjwa ya zinaa mwaka hadi mwaka kumbe ni kichocho.

Lingine, na hili nakuomba kwa msisitizo, utrasaundi sio kipimo cha kansa ya shingo ya kizazi. Una miaka 34 na hujaniambia popote kama umewahi kupimwa. Kansa hii ndio inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania, na inakuja taratibu sana, virusi vya HPV vinakaa miaka mingi vinabadilisha ngozi kabla haijawa kansa, ndio maana tukipima mapema tunaikuta bado haijawa kitu. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndio zinazosababisha karibu asilimia 70 ya kansa hizi. Hicho ndio kitu cha kuogopa na ndio kitu chenye kinga, wakati wewe unaogopa kifuko cha ute.

Kipimo kinachofanyika kwenye vituo vyetu vingi ni kile cha siki. Unalala, chombo kinawekwa, nesi anapaka siki iliyopunguzwa makali, asilimia 3 mpaka 5, kwenye shingo, anasubiri dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe nzito yenye ukingo unaoonekana, sehemu yenye afya inabaki na rangi yake. Vifuko vyako vinaweza kuonekana vyeupe pia lakini nesi aliyefundishwa anavitambua, vilikuwepo hata kabla hajapaka siki. Inawasha kidogo, majibu unapewa hapo hapo, na wakikuta sehemu inayoweza kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi au kuchomwa kwa joto mara nyingi inafanyika siku hiyo hiyo. Ukitibiwa hivyo utatokwa na majimaji wiki kadhaa na utapumzika tendo kama mwezi, usishtuke.

Wapi? Taasisi ya Saratani Ocean Road wanapima, hospitali za rufaa za mkoa Temeke, Amana na Mwananyamala, na vituo vya afya vingi vya serikali, kwahiyo kwako Temeke ndio karibu. Vituo vya serikali mara nyingi hawatozi kwa kipimo hiki. Nenda ukiwa huna siku zako, na siku mbili kabla usiweke kitu chochote ukeni wala usishiriki tendo. Kama majibu ni mazuri rudia baada ya miaka mitatu kama umepimwa kwa siki, kama umepimwa virusi vyenyewe vya HPV ni miaka mitano hadi kumi. Mwenye VVU yeye anaanza mapema, miaka 25, na anarudia mara nyingi zaidi, afuate tarehe anazopewa na kliniki yake. Na kama mmoja wa watoto wako ni wa kike, akifika miaka 9 mpaka 14 apate chanjo ya HPV, tangu mwaka 2024 hapa kwetu ni dozi moja tu.

Chakula. Hakuna chakula kinachoyeyusha sisti na hakuna kinachoikuza, sio maziwa, sio nyama nyekundu, sio mihogo. Kula mchicha wako, dagaa, maharage, matunda, kunywa maji, hasa kama siku zako zinatoka nyingi unahitaji madini ya chuma. Kinachogusa shingo ya kizazi moja kwa moja ni sigara, zinaongeza hatari ya kansa hii, kwahiyo kama unavuta acha, na shisha ni moshi wa tumbaku pia, usijipe moyo.

Tendo la ndoa endeleeni, sisti haizuii. Ila kama maumivu yako yanazidi wakati wa tendo simamisheni mpaka upimwe, na ikikutwa ni uambukizi wa zinaa basi mumeo naye atibiwe siku hizo hizo, ukitibiwa peke yako mtarudishiana. Mazoezi fanya, ndoo beba, kitanzi unaweza kuweka baadaye ukikihitaji, na kujifungua kawaida hakuna shida.

Dalili za kukufanya uondoke nyumbani bila kusubiri tarehe ya kliniki ni hizi: damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi, damu kwa mtu aliyeshakoma hedhi hata tone moja, uchafu wenye harufu mbaya au majimaji mengi yanayotoka kila siku mpaka unalowanisha pedi, homa pamoja na maumivu ya chini ya tumbo, mguu mmoja kuvimba na mgongo kuuma bila sababu. Hilo la majimaji mengi nalitaja makusudi, kuna aina ya kansa ya shingo ambayo ni nadra sana lakini kwenye picha inaweza kufanana na hivi vifuko, na dalili yake kubwa ni hayo maji. Wewe hujalitaja, kwahiyo sikutishi, nataka tu ulijue. Na maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja ukiwa umechelewa siku zako, hapo sio kesho, ni saa hiyo hiyo.

Kuhusu mtoto, kwanza maumivu yajulikane yanatoka wapi, upimwe na shingo kabisa kabla hujabeba, kwasababu ukishakuwa na mimba baadhi ya matibabu tunayasogeza mpaka ujifungue. Mkishamaliza hapo anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kutafuta, zinapatikana duka lolote la dawa na hazifiki popote karibu na ile 85,000. Ukienda Temeke beba ile karatasi ya utrasaundi, na ukifika mapokezi usiseme umekuja kwa ajili ya sisti. Sema una maumivu ya tumbo ya miezi miwili, na kama hujawahi kupimwa kansa ya shingo ya kizazi liseme na hilo.